Wafu wa Nyumba ya Tapkigen

Tangu tumzike mtoto yangu Samwel, huyu binti yake Chebet amenikalia hapa jikoni kama kuku yenye iko na mayai. Anasoma huko university ya Kabianga, na sasa amesema ataandika kitabu ya familia yetu, kila mtu na jina yake, kutoka yule wa kwanza tunajua. Ananiita Kogo, yaani nyanya, ananiwekea simu karibu na mdomo, halafu anaongea na ile sauti ya upole ya madaktari, "Kogo, pole pole. Sema jina, sema alikuwa nani, halafu sema ulijuaje. Source, Kogo. Lazima tukuwe na source." Nikamuuliza source ni mnyama gani. Akasema ni mtu mwenye alikuambia. Na ukiambiwa na mtu mmoja tu, hiyo bado ni hadithi, mpaka mwingine aseme vile vile na hawakukaa pamoja kupanga. Ati lecturer amemfundisha. Nilicheka mpaka kifua ikauma. Mimi sijawahi kalia dawati, jina yangu mwenyewe naiweka kwa kidole na wino, lakini hiyo maneno ya lecturer nilifundishwa kabla yeye azaliwe. Nilifundishwa na mwanamke mwenye alikuwa anatemea damu kwa mkebe. Yeye alikuwa anasema tu, "Jina moja, midomo mbili." Alikuwa anaitwa Tapkigen, na alikuwa bwana yangu.

Watu wa mbali wakisikia hivyo wanaangalia viatu zao. Kwetu sisi Wakipsigis ilikuwa jambo ya kawaida, na watu wengine wanafanya mpaka leo. Tapkigen alikuwa mjane. Bwana yake, Kipsoi, aliacha wanawake wawili: Tapkigen wa kwanza, hakupata mtoto hata mmoja, na Bot Kimutai, yaani mama ya Kimutai, wa pili, alipata wavulana wanne mfululizo. Sasa Tapkigen akifa bila mtoto mwanaume, sehemu yake ya shamba, ile chai yote ya kuteremka mpaka mtoni hapa chini ya Mogogosiek, inaenda kwa wale wavulana, na yeye anakuwa kama mtu hajawahi kuolewa hapo. Kwa hivyo alifanya kama mila inasema. Alipeleka ng'ombe kwetu, akanioa, nimzalie mtoto kwa nyumba yake, na huyo mtoto aitwe wa Kipsoi hata kama Kipsoi yuko chini ya udongo miaka mingi. Kulikuwa na mwanaume mwenye alikuwa anakuja, ndiyo. Sitamtaja, na Chebet aliuliza mara moja tu. Mtu akikuazima jembe, wakati ya mavuno humwiti kuja kugawa mahindi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, ama kumi na nane, nani alikuwa anahesabu. Ni ile mwaka mvua ya mawe ilichapa chai mara mbili, majani ikabaki na matobo kama chujio. Nyumba ilikuwa ya udongo, chumba mbili. Tapkigen alilala hapo karibu na moto kwa ngozi, mifupa tu na macho, na moshi ikizidi alikohoa mpaka ukuta ikakohoa na yeye. Tulikula ugali na managu, kesho yake managu na ugali. Maziwa ilitoka kwa Bot Kimutai siku roho yake inataka, na roho yake haikutaka sana. Ng'ombe za Tapkigen zote zilikuwa zimeenda kwetu kunioa mimi. Hiyo nilikuwa naijua kila nikimeza ugali kavu.

Nilipojua niko na mimba, nilidhani mama mzee atafurahi. Hakucheka hata kidogo. Alinishika mkono na vile vidole vyake vya baridi akasema, na nitamwiga vile alikuwa, pumzi fupi, neno moja moja, "Rael. Mimi sitamaliza hii mwaka. Nani atamwitia huyo mtoto watu?" Na hapo ndio kulikuwa na shida yenyewe. Kwetu mtoto akizaliwa, wamama wazee wanakaa, wanamnusisha ugoro kidogo, wanaita majina ya wafu wa hiyo nyumba, moja moja. Jina yenye mtoto atapiga chafya nayo, huyo mfu amemkubali, amerudi na yeye. Mtoto wa kawaida hata akichelewa hakuna mtu anashtuka, damu yake inajulikana. Lakini mtoto kama wangu hakuwa na kitu ingine ya kumshika kwa hiyo nyumba. Wafu wa Kipsoi wakimkataa, watu watasema huyu hana nyumba hapa. Mimi narudishwa kwetu na tumbo tupu na mtoto mgongoni, na chai inaenda ng'ambo ya ua. Na hapo nyumbani mwenye alikuwa anajua hao wafu ni wawili tu: Tapkigen, mwenye alikuwa anakufa, na Bot Kimutai, mwenye hakutaka huyo mtoto azaliwe.

Basi nikaanza shule yangu. Darasa ilikuwa chai. Tapkigen alinipatia jina asubuhi, moja tu, na mimi nachuna nayo mpaka jioni: huyu ni nani, mtoto wa nani, alioa wapi, alikufa aje. Kila kichaka nakiambia. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa ya Kimaiyo, mwenye alipigana na chui na chui ikashinda. Karibu na mti ya msanduku ilikuwa ya Kiptonui, mchoyo, alikuwa anaficha asali kwa kaburi ya mama yake. Jioni nikirudi kutoka baying, pale chai inapimwa, nimechoka, mgongo imekatika, mama mzee ananiuliza kabla hata niweke kikapu chini. Nikikosea hakupiga kelele. Alikuwa anageuka tu anaangalia ukuta, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kiboko. Na akinipatia jina, hakukubali mpaka nikatafute mdomo ya pili: mzee fulani kwa soko, mama fulani kwa kanisa, niulize bila kusema mimi nataka nini. "Usimwambie jina," alisema. "Wacha aitoe mwenyewe. Ukimwambia, atakubali tu ili umwache." Bot Kimutai alikuwa anasimama kwa ua akinisikia kwa chai. Yeye alikuwa mwanamke mnene, sauti ya asali yenye iko na nyuki ndani. "Eee Rael, unasalimia chai leo? Na inajibu? Iulize kama inajua baba ya hiyo tumbo."

Nitasema pia kitu yenye sikumwambia mtu. Nilikuwa na ndugu, Kipngeno. Alikufa na homa kabla hajaingia jando, na kwetu mtoto kama huyo haitwi. Hana mke, hana boma, hajakuwa mtu, jina yake inaoza na yeye. Mimi ndiye nilikuwa nambeba mgongoni. Sasa kila siku nikimaliza kuwaita wafu wa Kipsoi, wazee wa watu, nilikuwa nasikia vibaya vile wangu amebaki nje. Nikawa namweka mwisho. Kimaiyo, Kiptonui, wote mpaka mwisho, halafu Kipngeno. Nilikuwa nasema polepole, kwa kichaka cha mwisho, pale hakuna mtu. Sikuona kama ni makosa. Nilikuwa mtoto mwenyewe.

Tulifika majina kumi na moja na Tapkigen akakwama. Kulikuwa na wengine watatu, wa nyumba ya babu ya Kipsoi, na walikuwa wametoroka kichwa yake, amebaki na nusu nusu tu. Alilia. Sijawahi kumwona akilia kwa sababu ya ile kifua, lakini hiyo siku alilia kama mtu ameibiwa. Akasema dada ya Kipsoi yuko Chebunyo, aliolewa huko chini kwa watu wa ng'ombe, huyo anawajua. Mimba yangu ilikuwa miezi saba. Nilijaza mtungi maji mpaka juu, nikapika ugali ya siku mbili, nikaenda kwa ua. "Mama," nikamwambia Bot Kimutai, "naenda Chebunyo. Utamwangalia?" Akaniangalia tumbo, akaniangalia uso. "Enda," akasema. Hiyo tu. Na mimi nikaenda na hiyo tu.

Huyo dada ya Kipsoi nilimwita Senge, kama vile tunaita shangazi. Alikuwa mkavu kama kuni, na aliongea akitazama mbali kama anaongea na ng'ombe ya jirani. "Unataka majina," alisema. "Majina ya baba yangu si maembe, ati unaokota tu. Palilia kwansa. Ile mahindi yote." Nikapalilia siku mbili, na hiyo tumbo, kwa jua ya huko chini yenye inakuchoma mpaka kwa masikio. Siku ya tatu akaniita kwa nyumba, akanipatia wote watatu, na kazi zao na wake zao, na wawili walikuwa sawa kabisa na yale Tapkigen alikumbuka nusu nusu. Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa naweza kuondoka hiyo saa. Lakini walikuwa wamechinja, na Senge akasema, "Kaa ukule, wewe ni wa nyumba sasa." Mimi sikuwa nimeonja nyama tangu niolewe. Nikakaa. Nikakula nyama, nikakunywa mursik, maziwa yetu ya kuganda, mpaka nikalala na mdomo mweusi wa makaa ya kibuyu. Hiyo siku moja nimeibeba miaka yote hii. Chebet akiniuliza source, source ni mimi, na mdomo yangu ilikuwa na mafuta.

Nilifika nyumbani siku ya tano, mchana. Mlango ilikuwa imefungwa na nje hakukuwa na moshi. Tapkigen alikuwa kwa sakafu, si kwa ngozi yake, alikuwa amejivuta mpaka kwa mtungi, na mkono yake moja ilikuwa ndani ya mtungi mpaka kwa bega. Mtungi ilikuwa kavu. Kibuyu ilikuwa imerushwa mlangoni. Sitasema zaidi, kwa sababu Chebet atakula hapa leo.

Jirani wetu upande ya barabara alikuwa Mama Atieno, mwanamke wa kutoka ziwa, bwana yake alifanya kazi factory. Alikuja kunishika. Maskini, alikuwa anajilaumu bila kujua kwa nini. "Mama Rael," aliniambia, "ule mse ameita sana. Jusi ameita, jana ameita, mpaka sauti ikaisa. Mimi sijui Kikipsigis. Nikauliza ule mama mnene kwa ua, nikamwambia, mama, mse anaita nini? Akaniambia wacha, anaongea na watu yake, wale wamekufa, si unajua kasi yake ni hiyo. Na mimi nikaona ni kweli. Si alikuwa anaita watu wa kufa kila siku?" Kweli. Kila mtu alikuwa anajua Tapkigen anaongea na wafu. Hakuna mtu angeshangaa. Na Bot Kimutai anajua Kikipsigis vizuri sana. Kutoka kwa ua yake mpaka kwa mtungi yetu unaweza kurusha mfupa na mbwa wetu akaudaka.

Tulimzika. Watu walisema kifua, nikanyamaza, kwa sababu ningesema nini, mimi mwenye nilikuwa nakula nyama. Na miezi mbili baadaye uchungu ikanishika alfajiri, jua ikitoka mtoto akatoka, mwanaume. Mkunga alimfunga, wakakuja wamama wawili wa jirani, na Bot Kimutai akakuja. Alikuwa lazima. Hiyo nyumba haikuwa na mdomo ingine ya pili. Alikaa kwa kigoda chenye kilikuwa cha Tapkigen, akapanga nguo zake, akasema na ile asali, "Mimi mambo ya huyu mama sikufundishwa. Wacha bibi aite mwenyewe. Mimi nitajibu kama ni wetu." Mkunga akaweka ugoro kwa kidole. Mimi nilikuwa nimelala hapo bado natoka damu, nikaanza. Kipsoi. "Wetu," akasema Bot Kimutai. Mtoto kimya. Kimaiyo. "Wetu." Kiptonui. "Wetu." Mkunga akaongeza ugoro. Nikaita wale nilihakikisha kwa soko na kwa kanisa, nikaita wale watatu wa Senge, na kwa hao Bot Kimutai alichelewa kidogo, hakudhani ninawajua, lakini akasema wetu. Kumi na nne. Mtoto alikuwa anaangalia paa kama mtu anangoja mvua. Wamama wakaanza kuangaliana. Na mimi nilikuwa nimechoka, macho imefunga, niko kwa chai, niko kwa kichaka cha mwisho, na mdomo yangu ikaendelea kutembea vile ilikuwa imezoea. Ikasema Kipngeno. Mtoto akapiga chafya.

Wamama hawakupiga vigelegele. Walikuwa wanangoja jibu. Nilifungua macho, nikamwona Bot Kimutai ananiangalia. Yeye alikuwa anajua wafu wa hiyo nyumba wote, hata yule wa mwisho, na alijua huyo hayuko. Angesema tu, "Huyo simjui." Maneno mbili tu, na mtoto yangu hana nyumba. Nilihesabu pumzi yangu. Akasema, "Wetu." Wakapiga vigelegele mara nne kama ya mvulana, wakatoka kupika uji. Bot Kimutai akabaki. Akainama kama anamwangalia mtoto, karibu sana, nikasikia ugoro kwa pua yake. "Huyo Kipngeno ni wa wapi?" Nikamvuta mtoto kifuani. "Nimemkubali," akasema. "Sasa na wewe kubali. Tapkigen alikufa na kifua. Sema." Nikasema. Nikasema kifua. Akamfunika mtoto vizuri, miguu na kila kitu, akaenda.

Hivyo ndio Samwel alipata nyumba. Alikua hapa, akachuna hii chai, akaoa, akamzaa Chebet na wengine, na hakuna mtu aling'oa hata mti moja kwake. Bot Kimutai alikuwa anamletea maziwa. Mimi na yeye tuliketi kwa harusi moja, kwa matanga moja, tukiongea juu ya mvua. Kila siku nilikuwa naogopa huyo mtoto atakufa mdogo kama mwenye jina. Hakukufa mdogo. Alikufa hii mwaka na mvi kwa ndevu, na saratani ya koo, hii yenye inamaliza watu huku Bomet. Mwisho hakuweza kumeza hata maji. Wiki mbili nilikuwa nalowesha pamba nampaka kwa midomo, na yeye anafyonza hiyo pamba kama mtoto, ananiangalia. Watu wa kanisa walikuwa wanaimba hapo nje. Mimi nilikuwa nasikia mtu mwingine akiita.

Sasa Chebet. Ameandika kila kitu, amechora mistari, na wiki iliyopita ameniambia, "Kogo, kuna mmoja hana pa kukaa. Huyu Kipngeno mwenye baba alipigia chafya. Nimemtafuta kote, hayuko kwa mtu yeyote. Niko na wewe tu. Nahitaji mtu wa pili." Nikasema wacha, wazee husahau. Lakini yeye ni mjukuu wa Tapkigen, hawachi. Akaenda ng'ambo kwa Bot Kimutai, mwenye siku hizi ni kipofu na wanamtoa kwa jua asubuhi kama mahindi ya kukausha. Akarudi anakimbia. "Kogo, amemjua. Nimemuuliza bila kumwambia chochote, nimesema tu jina. Amesema alikuwa ndugu ya babu ya Kipsoi. Mtu mrefu. Alikuwa na ng'ombe nyekundu tupu, na wake watatu, na alikufa mzee sana, amelala, watoto yake wote wako hapo." Alikuwa amefurahi mpaka akanishika mabega. "Na amesema nikusalimie. Amesema nikuulize kama nimeandika vizuri kifo ya Kogo Tapkigen. Nimemwambia ndiyo, nimeandika kifua, niko na watu wawili."

Ndugu yangu mdogo, mwenye alikufa hajafika kwa kiuno yangu, alikuwa amepewa ng'ombe nyekundu na wake watatu na kifo ya usingizini. Nani mwingine angempatia hiyo yote? Nilitaka kusema, andika. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Halafu nikaona vile ameshika ile karatasi, na hapo juu ameandika Tapkigen, na mimi siwezi kusoma, lakini aliponisomea nilijua alama yake inakaa wapi, na baada yake ni hilo neno kifua. Nikamwambia aketi. Nikamwambia yote: nyama, mtungi, mkono, ua, Mama Atieno, kichaka cha mwisho, na vile mimi na Bot Kimutai tulilipana.

Hakuandika. Baadaye akasema, na hapa sitamwiga kwa sababu sauti haikuwa yake, "Kogo, kwa hivyo mimi ni wa nani?"

Nilimwambia ni wa yule mwanamke mwenye alikuwa anaita. Nikamwambia kama watu wa ng'ambo ya ua, wana wa Bot Kimutai, wataenda kortini na hiyo kudai shamba, waende, mimi nitasimama niseme mbele yao, niko karibu kufa na hawanitishi. Aliangalia karatasi yake, akakata lile neno karibu na Tapkigen, kisha mstari mwingine. Halafu akavuta kiti karibu akaniuliza, hizo siku nilikuwa Chebunyo na Tapkigen anaita maji, huku juu kulikuwa na mvua ama jua.

Nikamwambia jua.